Miaka Kumi na Minane ya Uzoefu

(Mazungumzo ya mwanafunzi wa zamani siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nieleze jinsi tunavyompima mtu anayeomba kazi ya umeneja wa uhasibu. Nitaeleza kwa kosa langu mwenyewe.

Mwaka 1999 nilikuwa katika jopo la kumchagua meneja wa uhasibu wa kampuni moja ya usafirishaji. Jina lake nalihifadhi. Walibaki waombaji wawili. Wa kwanza alikuwa na miaka 18 katika shirika kubwa, na barua za sifa zenye mihuri hadi pembeni. Wa pili alikuwa na miaka 7 tu, yote katika kiwanda cha kuchambua pamba, na alivaa suti ambayo mikono yake ilifunika vidole. Wote walikuwa wamefaulu mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ile iliyoundwa mwaka 1972, kwa hiyo vyeti havikuwatenganisha. Mimi nilisimama kidete upande wa miaka 18, wenzangu wakanifuata.

Hatukumwuliza alichokifanya katika miaka hiyo. Yule bwana, mtu mwema kabisa, miaka yote alikuwa kitengo cha mishahara. Hakupata kufunga hesabu za mwaka, wala kukaa mbele ya mkaguzi wa nje akitetea tarakimu zake. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilikuwa imeanza mwaka 1998, na ritani zake ni za kila mwezi. Zetu zilichelewa mfululizo, tukatozwa faini. Daftari la fedha halikulinganishwa na taarifa ya benki kwa miezi mitano. Hundi zikaanza kurudi. Mwisho madereva wakakosa mishahara, na mishahara ndiyo kazi aliyoijua!

Tangu hapo kila mwombaji nampa penseli kwanza. Namwekea daftari la fedha la mwezi mmoja na taarifa ya benki, havilingani. Aliyeifanya kazi hutoa hundi ambazo hazijafika benki na makato ya benki yasiyoandikwa daftarini. Tofauti ikibaki, huigawa kwa 9. Ikigawanyika bila baki, hushuku kwamba tarakimu mbili zimepishana, kama vile 543 kuandikwa 534. Asiyeifanya huanza kujumlisha upya tangu juu.

Halafu namwuliza: bosi alipokutaka ulipe bila hati, ulifanyaje? Simwulizi "utafanyaje", maana hapo kila mtu ni malaika.

Yule wa pamba alitueleza siku ile kwamba aliwahi kukataa kusaini malipo ya marobota ambayo hayakuonekana ghalani. Nilidhani anajigamba, nikaandika kando ya jina lake: "Mbishi". Karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Anayetaka kuiona aje mezani kwangu baada ya chai.