MANENO YA KATIBU KWA WANACHAMA: NGOMA YA SHEREHE YETU



Pamba imeuzwa, na mmeamua wenyewe tufanye sherehe. Lililobaki ni nani atuchezee. Vijana wanataka spika za mjini. Sisi katika kamati tunasema tuite ngoma, tena vikundi viwili, Bagika na Bagalu.

Wengine wameuliza: viwili vya nini, si gharama? Ndugu, ngoma yetu Wasukuma ni mashindano. Kila upande una uwanja wake, wanaanza saa ile ile, na watazamaji wanahama wenyewe kufuata utamu. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Hata Bujora kwenye Bulabo ni hivyo hivyo. Kikundi kimoja kitashindana na nani? Kitacheza kivivu, halafu kitadai chai.

Sasa pesa. Hii ni pesa ya pamba, yaani jasho. Tutaandika mapatano: wachezaji wangapi, wanaanza saa ngapi, wanamaliza saa ngapi, nani anawalisha. Nusu wapewe wakifika, nusu jua likizama. Kijiji cha jirani walimlipa mwenye spika zote mbele. Saa nane mchana akapakia vyombo vyake, watu wakabaki wanatazamana na pilau. Asiyejua kuandika atie dole gumba, lakini asomewe kwanza. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua uchungu wa kutia dole pasipo kujua.

Wakija na chatu, sawa, ila watoto wakae nyuma ya kamba.

Akina mama watakaopika wajiandikishe kwa mtunza hazina kabla ya Jumapili.