Disike mupya ya ordinatere yetu



Ile disike mupya ya ordinatere ya chama yetu hapa Katuba ni SSD: haina kitu chenye kuzunguka ndani, njo maana inaenda mbio. Ikiwa mupya, haionekane mara moya. Haikufa. Fungueni «Gestion des disques», mufanye «Initialiser», muchague GPT, kisha «Nouveau volume simple», NTFS.

Lakini mbele ya kufinya «Formater», mutazame jina na ukubwa wa disike. Mukikosea, mutafuta ile ya zamani, kwenye kuko majina ya wenye kurudia na michango ya kila mutu. Kwa hiyo mutoshe kopi kwanza, ikae nyumba ingine.