Chumba cha Kompyuta Kikifungwa Saa Tisa, Tunapoteza Wote

(Nilichosema kwenye kikao cha vijana, Korogwe)



Mimi nasoma sheria, sio fundi kompyuta. Ila mdogo wangu yuko chuo kimoja huku kwetu, jina sitaji. Kompyuta ishirini zipo, asubuhi wanafundishiwa. Saa tisa mchana mlango unafungwa, mtu mmoja anaondoka na funguo. Mpaka kesho. Mwalimu wake ana takwimu za utafiti wa mahindi, anahangaika nazo wiki nzima kwenye laptopu yake. Ng'ambo ya ukuta mashine ishirini zimelala.

Jamani, msiseme utafiti ni wa Dar. Hapa hapa Korogwe palikuwa moja ya vituo 11 Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike. Watoto wetu walitoa damu. Mbona vyuo vyetu visijifunze kuchambua takwimu za namna hiyo?

Dawa ipo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kina programu iliyoanza kwa jina la Condor, na sasa inaitwa HTCondor. Kazi kubwa ukishaikata vipande vipande, inavipeleka kwenye kompyuta zisizo na mtu. Mwenyewe akirudi, inampisha. Na ni bure. Mchana darasa, usiku utafiti.

Lakini kugawana bila maandishi ni ugomvi, mwenye cheo atamtoa mwanafunzi. Kwa hiyo tudai kanuni tatu. Moja, kipindi cha darasa hakiguswi. Mbili, ratiba ibandikwe mlangoni, na wa usiku achangie LUKU. Tatu, taarifa za wagonjwa zisiingizwe na majina yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haibagui chuo kidogo.

Mtaambiwa zitaharibika. Kompyuta inazeeka hata ikilala!

Tusiishie kuipigia kelele serikali. Wiki hii kila tawi liandike barua kwa mkuu wa chuo cha jirani: kompyuta ngapi ni nzima, na zinatumika saa ngapi kwa siku? Ni kodi yetu ile. Ibara ya 11 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kujielimisha. Haki hiyo haina saa tisa.