Mwanafunzi Mgeni na Daraja la Rusizi

Kati ya Kamembe, mji wa Wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, na Bukavu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hakuna safari ya kuchosha. Mto Rusizi ndio mpaka, na daraja huvukwa kwa miguu. Lakini kijana anayevuka akiwa na cheti cha sekondari mfukoni, akielekea chuoni, huingia katika mambo ambayo hakuna aliyemfundisha.

La kwanza ni lugha ya masomo. Vyuo vya Bukavu hufundisha kwa Kifaransa. Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba masomo yatolewe kwa Kiingereza. Hivyo kijana aliyesoma hesabu na biolojia kwa Kifaransa, akipanda basi Kamembe, akapita msitu wa Nyungwe hadi Huye, ambako chuo kikuu kilianzishwa mwaka 1963, hukaa darasani kama bubu, ingawa akili anazo. Mwenzake wa Kamembe anayekwenda Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, kilichoanzishwa mwaka 1989, hupatwa na taabu ile ile kwa upande wa pili. Kazi hiyo ni ya walimu.

Lakini kabla ya mwalimu yupo askari. Yeye ndiye mtu wa kwanza wa nchi mpya ambaye mwanafunzi huzungumza naye, na mara nyingi ndiye anayemkuta akikosea. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008. Mgeni hufika na nguo zake ndani ya mfuko huo huo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, na asubuhi hiyo mgeni huonekana akitembea peke yake barabarani, akishangaa maduka yamefungwa. Askari akimwambia kwamba umuganda ni ndugu wa salongo, ile kazi ya pamoja iliyoamriwa Zaire wakati wa Mobutu, kijana ataelewa mara moja, maana wazee wake waliifanya. Huenda hawakuisifu, lakini waliifanya.

Lugha ya kuambiana hayo ipo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, na Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Jumuiya ambayo Itifaki yake ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inawahesabu wanafunzi miongoni mwa watu wanaostahili kupita.

Hapana anayemtaka askari afumbe macho. Mpaka huo umeona vita tangu mwaka 1996, na Februari 2025 Bukavu yenyewe iliingia mikononi mwa M23. Mizigo lazima ipekuliwe na karatasi zisomwe. Lakini mwanafunzi aliyekaripiwa darajani kama jasusi hujifunza jambo moja tu, nalo ni kumkwepa mwenye sare. Kibali chake kikikaribia kwisha haendi kuuliza. Akitapeliwa kodi ya chumba haendi kituoni. Na mtu mwenye nia mbaya akimpa mzigo auvushe, hana wa kumwambia. Hapo hasara si ya kijana peke yake. Ulinzi wa mpaka nao umepoteza jicho.

Majeshi yenyewe yanaijua hali hii. Katika Chuo cha Ukamanda na Unadhimu cha Nyakinama, kilichoanza mwaka 2012, na katika Chuo cha Taifa cha Polisi huko Musanze, husoma maafisa kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Nao huwa wageni wa chakula, wa salamu na wa lugha ya majirani. Tofauti ni kwamba afisa hufika na barua ya serikali yake na hupokelewa. Kijana wa Bukavu hufika na begi.

Kijana huyo akisema, "Shikamoo afande, kibali cha mwanafunzi kinafanyiwa wapi?", apewe jina la ofisi na njia ya kufika. Na karatasi moja ya Kiswahili ikibandikwa darajani, ikitaja kibali, plastiki, umuganda na kituo cha polisi kilicho karibu, askari wa zamu atapunguziwa nusu ya maswali ya siku.