Mwanamke Asiye na Mume Ana Nafasi Gani?
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kibabii)



Tukitembelea vikundi tunasikia neno hili: "Huyo hana bwana, nani atamdhamini?" Basi mjane au dada asiyeolewa anapika chai, anafagia, lakini kitabu cha akiba hakishiki. Je, ni haki?

Hebu tuangalie jirani zetu Uganda. Noa Mawaggali, mfinyanzi, aliuawa Mityana tarehe 31 Mei 1886 kwa ajili ya imani. Dada yake, Maria Matilda Munaku, hakurudi nyuma. Alibatizwa, akaahidi kutoolewa, akaishi misioni akitumika. Hakuwa sista, masista walikuwa hawajafika Uganda. Baadaye wasichana wengine nao walikaa pamoja, wakasali, wakalima, wakafundisha katekisimu. Kwa wakati ule, msichana kukataa kuolewa lilikuwa jambo geni kabisa. Lakini kutokana nao Askofu Streicher alianzisha masista wa Bannabikira, yaani Binti za Bikira, mwaka 1910 huko Villa Maria, karibu na Masaka.

Ulaya nako, tangu karne ya 12 na 13, walikuwako Wabegini, hasa Ubelgiji. Hawa hawakuweka nadhiri za daima. Aliyetaka kuolewa aliondoka. Walisokota sufu, waliuguza wagonjwa, walifundisha watoto. Kila mmoja alikula jasho lake. Mechthild wa Magdeburg aliandika juu ya upendo wa Mungu kwa Kijerumani cha nyumbani, si kwa Kilatini cha wasomi.

Wakubwa waliwashuku. Marguerite Porete alichomwa moto Paris mwaka 1310 kwa sababu ya kitabu chake, na Mtaguso wa Vienne (1311–1312) uliwalaumu. Hata hivyo njia yao haikufa upesi: Mbegini wa mwisho, Marcella Pattyn, alifariki Ubelgiji mwaka 2013.

Tunajifunza nini? Sala na jembe vilikwenda pamoja, wala hawakungoja mume awape jina. Kwa hiyo tunawaomba:

1. Mjane na asiyeolewa waandikwe kwa jina lao wenyewe.
2. Mweka hazina achaguliwe kwa uaminifu wake, si kwa ndoa yake.
3. Kikundi kianze kwa sala katika lugha ambayo kila mmoja anaielewa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkirudi nyumbani, jadilini: katika kikundi chetu, nani anafanya kazi lakini hasikilizwi?