Likizo Tulivu Kando ya Maji Huanza Nyumbani

Hotuba kwa wazazi na walezi wa Nyamirambo, Kigali, kabla ya likizo ndefu ya wanafunzi



Tunawashukuru kwa kutukaribisha tena katika mtaa huu ambao Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani na ya sokoni tangu enzi za babu zetu. Huenda wengine wenu mnajiuliza polisi ana neno gani kuhusu mapumziko, kwa kuwa mmezoea tuje kuzungumzia wizi, ulevi na ajali. Tumekuja kwa sababu baadhi ya simu zinazotuumiza sana hutoka kwa familia zilizoondoka nyumbani zikicheka. Mwaka wa masomo unakaribia kumalizika, kiangazi kimeingia, na wengi wenu mmekwisha kuwaahidi watoto safari ya ziwani. Ahadi hiyo ni njema, na leo tunataka kusaidiana jinsi ya kuitimiza.

Nchi yetu haina bahari, lakini ina Kivu. Mtoto wa Kigali anaposikia neno ufukwe, hufikiria mchanga wa Rubavu, au ghuba na visiwa vya Karongi. Wachache miongoni mwenu watafika hadi Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, nasi tutawataja mbele kidogo. Walio wengi wataelekea ziwani, na kwao ndiyo tunasema zaidi.

Turuhusuni kwanza tutoke kidogo ndani ya sare. Miaka kadhaa iliyopita sisi wenyewe tuliipeleka familia yetu Rubavu. Tuliondoka Kigali kwa haraka baada ya kazi, tukafika usiku tukiwa hoi, na asubuhi tukaketi mchangani, watu wazima wanne na watoto sita. Tulikuwa tukizungumza. Ghafla mmoja wetu akauliza, "Mdogo yuko wapi?" Kila mmoja alikuwa akidhani mwenzake anamtazama. Kwa muda wa robo saa tulikimbia huku na huku kando ya maji tukiliita jina la mtoto wa miaka mitano. Tulimkuta nyuma ya muuza karanga, akimsaidia kukunja makaratasi. Hakuna lililomfika, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyepumzika siku ile, wala siku iliyofuata. Tulio na kazi ya kuwalinda watu tulikuwa hatukumlinda wetu. Ndiyo maana hatuji kwenu leo kama walimu wasio na kosa.

Tulipotafakari baadaye, tuliona kwamba kosa lile lilianza Kigali. Lilianza pale tulipoondoka bila kupanga, tukidhani kwamba mapumziko maana yake ni kutopanga lolote. Watu wanaopumzika kwa kweli ni wale waliokwisha kujibu maswali kabla ya kufunga mizigo: tunaondoka lini, tunalala wapi, nani anaendesha, nani anatazama watoto, nani anapika.

Tuanze na siku ya kuondoka. Tazameni kalenda. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni siku ya umuganda, na tangu saa mbili hadi saa tano asubuhi magari hayatembei kama siku nyingine. Familia iliyosahau jambo hilo huanza likizo yake kwa kungojea. Basi ondokeni Ijumaa mapema au Jumapili asubuhi, au bakini mshiriki umuganda na majirani kisha msafiri mchana. Msifanye kama tulivyofanya sisi, kutoka kazini jioni na kuingia barabarani na uchovu wa juma zima.

Kuhusu malazi, msitume fedha kwa simu kwa mtu msiyemjua kwa sababu tu ya picha nzuri ya nyumba yenye baraza linalotazama ziwa. Picha inaweza kuibwa kama kitu kingine chochote. Pigeni simu, ulizieni jina la mtaa, mwombeni ndugu au rafiki aliye Rubavu au Karongi apite aone, na mkubaliane kulipa sehemu kubwa mkifika. Aliyetapeliwa asione haya; apeleke taarifa kwa Ofisi ya Upelelezi, RIB, kwa nambari 166, pamoja na ujumbe wa malipo.

Nyumba mnayoiacha nayo ina haki yake. Mwambieni jirani mnayemwamini na kiongozi wa mudugudu kwamba hamtakuwapo, ili walinzi wa irondo waujue mlango wenu. Fungeni gesi, chomoeni vifaa vya umeme, na msitangaze safari mtandaoni mkiwa bado huko. Picha za ziwa zitapendeza vilevile mkirudi.

Sasa tuingie barabarani. Kutoka Kigali hadi Rubavu ni kilomita zipatazo 155. Kwenye ramani ni mwendo mfupi, lakini barabara yetu haijanyooka. Inapanda Shyorongi, inapinda na kupinda katika milima ya Gakenke, inapita Buranga na Musanze chini ya volkano, kisha inaingia Nyabihu ambako ukungu waweza kukushukia ghafla. Humo mna malori yaliyojaa viazi, watembea kwa miguu, na vijana wa baiskeli ambao wengine hujishikiza nyuma ya lori ili wavutwe mlimani. Dereva anayepita gari jingine kwenye kona hajui kilicho mbele yake.

Tangu mwaka 2019 tumekuwa tukisema nanyi kwa maneno mawili ya Kinyarwanda, Gerayo Amahoro, yaani fika kwa amani. Kampeni ile ilianza kwa majuma 52, lakini maana yake haina tarehe ya mwisho. Kwa familia iendayo likizo maana yake ni hii: gari lipelekwe kwa fundi siku kadhaa kabla ya safari, hasa breki na matairi; dereva alale vya kutosha; kila mmoja afunge mkanda, na watoto wakae nyuma; safari ifanywe mchana; na msimame Musanze, mnywe chai, watoto wanyooshe miguu. Nusu saa ya Musanze si hasara. Mwenda pole hajikwai.

Watakaokwenda pwani ya Bahari ya Hindi wana safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na hiyo si kazi ya dereva mmoja wala ya siku moja. Wakumbuke kwamba wakivuka Rusumo kuingia Tanzania, watahamia upande wa kushoto wa barabara. Wakague mapema hati za kila msafiri, wakiwamo watoto, bima ya gari na kadi za chanjo. Wakumbuke pia kwamba bahari hupwa na kujaa, jambo ambalo Kivu haikutufundisha. Mchanga mliotembea asubuhi waweza kuwa chini ya maji alasiri. Waulizeni wenyeji kabla ya kuingia.

Tumefika kwenye maji, na hapa tunaomba masikio yenu yote. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kivu ni ziwa tulivu kwa sura, lakini kina chake hufikia takriban mita 480, na mahali pengi ukingo wake huteremka ghafla. Hatua tatu maji yako magotini. Hatua ya nne hakuna ardhi. Ogeleeni mahali palipotengwa na penye watu, na asiwepo mtu majini baada ya kunywa pombe, wala baada ya jua kutua.

Wengi hudhani kwamba anayezama hupiga kelele na kupunga mikono. Mara nyingi sivyo. Mtoto anayezama hunyamaza, kwa kuwa kinywa kilichojaa maji hakiwezi kuita. Anaweza kupotea hatua kumi kutoka kwa mama yake bila sauti yoyote. Kwa hiyo tunawaomba mchukue desturi ambayo sisi tumeishika tangu siku ile ya karanga. Tuna kofia moja. Anayeivaa ndiye mwenye zamu. Hasomi simu, hapiki, hasimulii hadithi. Anatazama watoto tu. Baada ya dakika ishirini anaivua na kumvisha mwingine, akimwambia kwa sauti, "Sasa ni wewe." Hao wengine wanaweza kulala usingizi wakitaka, kwa sababu wanajua nani anatazama.

Mkipanda boti, kila mtu avae jaketi la kujiokolea, na la mtoto liwe la kipimo chake. Nahodha akisema hayatoshi, shukeni. Maboya ya kuchezea yanayojazwa upepo si kinga. Upepo huyasukuma mbali na ukingo. Na mkiona mtu anazama, asiyejua kuogelea asirukie, tusije tukawazika wawili. Mrushieni kamba, mti, au jerikani tupu iliyofungwa vizuri, huku mwingine akipiga simu.

Neno jingine, na hili tunawaambia hasa akina baba. Kuna likizo ambayo baba hupumzika, watoto hucheza, na mama huhamishia jiko lake Rubavu. Pangeni zamu za kupika na kufua kama mnavyopanga zamu ya kofia. Jioni nunueni sambaza wa kukaanga, ambao asili yao ni Tanganyika na waliletwa Kivu na binadamu katikati ya karne iliyopita. Kaeni ukingoni mtazame wavuvi wakitoka na mitumbwi yao mitatu iliyounganishwa, taa zikiwaka, wakiimba kwa kufuata makasia. Wavisheni watoto sweta, kwa kuwa ziwa liko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari na jioni zake zina baridi. Starehe hiyo haihitaji fedha nyingi, wala haihitaji ratiba iliyojaa. Jambo moja kwa siku linatosha.

Mwisho, andikeni nambari hizi kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake: 112 kwa dharura yoyote, 113 kwa ajali za barabarani, 110 kwa matatizo ya majini, 111 kwa moto, na 912 kwa gari la wagonjwa. Wafundisheni watoto majina kamili ya wazazi na nambari moja ya simu kwa moyo. Mdogo wetu hakuwa akiijua siku ile, sasa anaijua.

Rudini mchana, siku moja kabla ya kazi, ili mwili upate nafasi. Mkirudi salama, mtaa mzima utakuwa umepumzika pamoja nanyi. Tunawatakia likizo njema. Gerayo Amahoro.