Mapazia Yapambayo Nyumba



Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mtu aingiapo chumbani, macho yake hukimbilia penye mwanga, nao mwanga huingia dirishani. Dirisha likivikwa vizuri, chumba chote huonekana kimevaa. Likivikwa ovyo, hata viti vya thamani hupoteza sura.

Pazia si jambo geni. Katika nyumba za kale za mawe mjini Lamu, kumbi ndefu zilifuatana moja nyuma ya nyingine, na mara nyingi kilichozitenga kilikuwa pazia tu. Hivyo wenyeji walipata hewa na sitara pamoja. Mambo hayo mawili, hewa na sitara, ndiyo mizani ya kupimia kila pazia.

Kwanza, yafaa kulijua jua. Dirisha la mashariki hupokea jua la asubuhi, na la magharibi hupokea jua kali la alasiri. Mombasa, penye joto, kitambaa chepesi cheupe hurudisha nuru na kupitisha upepo. Nairobi, iliyo zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari, baridi ya Julai hutaka pazia zito jioni. Tena mkeka wa kukunja uliotundikwa nje, barazani, hushinda pazia la ndani kwa kuzuia joto, kwa maana joto hukomeshwa kabla halijapita kwenye kioo.

Pili ni kipimo. Upana wa kitambaa na uwe kama mara mbili ya upana wa dirisha, ili pazia liwe na mikunjo hata likifungwa. Fito ya kutundikia ikiwekwa juu kidogo ya dirisha, na pazia likashuka karibu na sakafu, chumba kifupi huonekana kirefu. Kitambaa cha pamba kiloweshwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, maana hurudi kikifuliwa. Ukuta au viti vikiwa na maua mengi, pazia liwe la rangi moja. Marikani, kitambaa kilichopata jina lake kwa wafanya biashara wa Marekani katika karne ya 19, chafaa sana kwa bitana, nayo bitana hulinda rangi isichujuke juani.

Tatu, wako wengi mijini ambao jamaa nzima hukaa katika chumba kimoja. Waya uliokazwa ukutani hata ukutani, na pazia moja juu yake, hufanya vyumba viwili: huku kitanda cha wazazi, huku meza ya watoto kusomea. Pazia lisifike darini, ili mwanga na hewa vipite juu. Hiyo ni heshima kubwa kwa gharama ndogo.

Lakini pambo lisije likawa msiba. Upepo hupeperusha pazia, nayo koroboi au mshumaa uliowekwa dirishani huliwasha mara moja. Taa na iwe mbali, na pazia lifungwe kwa utepe. Hatari nyingine haionekani kwa macho. Usiku wa baridi wako wafungao madirisha, wakashusha mapazia mazito, wakalala na jiko la makaa ndani. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko litolewe nje kabla ya kulala. Hakuna pambo lipasalo kununuliwa kwa roho za watoto.

Kila asubuhi mapazia yafunguliwe na madirisha pia. Kifua kikuu, ambacho kijidudu chake kiligunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, huenezwa kwa hewa, hasa katika vyumba vilivyofungwa na kujaa watu.

Basi mwenye fedha kidogo asijione duni. Kitambaa safi, kilichopimwa vyema na kushonwa kwa mkono uliotulia, hupendeza kuliko hariri iliyojaa vumbi.